Oksalisi yako haina kiu, imelala

Imenifika tena picha kwenye WhatsApp, saa tatu usiku: chungu cha oksalisi ya zambarau, ule mmea wenye majani matatu juu ya kila kikonyo, majani yameshuka, na maneno chini yake, "Ua uliloniuzia linakufa, nishalitia maji mara mbili lakini wapi." Jamani! Liweke chini hilo kopo la maji.

Oksalisi hukunja majani jua likizama na kuyafungua asubuhi. Pale majani matatu yanapokutana juu ya kikonyo pana vifundo vidogo. Pindua jani mbele ya taa utaviona. Upande mmoja wa kifundo ukijaa maji na wa pili ukilegea, jani linashuka. Jua kali la mchana nalo huyakunja. Mbirimbi wa uani kwako ni jamaa yake, na usiku nao hulaza majani. Mbona huo huukimbilii na ndoo?

Usitazame jani, tazama kikonyo. Mmea ukilala, vikonyo vimesimama wima, majani tu ndiyo yaliyofunga kama mwavuli. Ukiwa na kiu, kikonyo chenyewe kinalegea na kuning'inia nje ya chungu. Tia kidole kwenye udongo: kama ni mkavu, haya, mwagia. Lakini vikonyo vimelegea na udongo umelowa? Hapo ndipo penye msiba, chini kunaoza, na mara nyingi kilichoozesha ni hiyo huruma ya usiku. Wateja wangu wengi huua oksalisi kwa maji; aliyeiua kwa ukame simkumbuki.

Kaskazi ikipamba moto majani yanaweza kuanguka yote, na mtu akabeba chungu moja kwa moja mpaka jaani. Fukua kwanza. Utakuta vijitunguu vyenye magamba. Ukivibana vikawa vigumu, mmea u hai, umepumzika tu. Vitabu vinasema usitie maji kabisa mpaka vichipue. Kwa joto letu la Unguja sishiki sana neno hilo: nimeweka vyungu viwili ukuta mmoja, kimoja kikalala, cha pili kikatoa maua kaskazi nzima. Mimi hunyunyizia kidogo tu, nikangoja.

Mwanga? Barazani, jua la asubuhi. Gizani vikonyo hurefuka ovyo na zambarau hupauka. Uchachu wa jani ni asidi oksaliki, hiyo hiyo iliyomo kwenye birimbi. Mtoto akionja jani moja msipige kelele, ila mbuzi msimwachie chungu kizima.

Na ile yenye maua madogo ya manjano inayojiotea chunguni ni ndugu yake pia. Hiyo ing'oe mapema, kabla vitumba vya mbegu havijapasuka. Hurusha mbegu mbali, na ukichelewa utaikuta mpaka kwenye chungu cha asumini.