Fanon wa Mabango na Fanon wa Wodini

Kwenye kona moja ya wauza vitabu vya mtumba, Tom Mboya Street, Nairobi, niliokota kitabu cha kufotokopiwa cha Frantz Fanon, mwandishi aliyepinga ukoloni, jalada limechorwa ngumi. "Hicho kinaenda sana, dada, tangu maandamano," muuzaji akaniambia huku akikipangusa vumbi kwa mkono wa shati. "Ni cha vita."

Nililipa bila kubishana. Lakini mengi yanayosemwa jijini kuhusu Fanon huanzia hapo.

"Fanon alihubiri fujo."

Dhana hii ndiyo sugu kuliko zote, na haikutoka hewani. Kitabu chake cha mwisho, kilichotoka 1961 na ambacho kwa Kiswahili kinaitwa Viumbe Waliolaaniwa, kinaanza na sura ya mabavu. Humo anasema waziwazi kwamba ukoloni ulioingia kwa bunduki hauondoki kwa kubembelezwa. Kisha mwanafalsafa Mfaransa Jean-Paul Sartre akakiandikia dibaji kali kuliko kitabu chenyewe. Wengi husoma dibaji, wakachungulia sura ya kwanza, wakafunga.

Sura ya mwisho, ya tano, hawaifikii, na huko anayezungumza ni daktari. Fanon alikuwa tabibu wa magonjwa ya akili. Mwaka 1953 alianza kazi katika hospitali ya Blida, Algeria, na vita vya kudai uhuru kutoka Ufaransa vilipozuka 1954 akajikuta anawatibu waliopigwa na waliopiga. Mmoja wao alikuwa inspekta wa polisi, Mzungu, aliyeshinda kazini akitesa watu na kurudi nyumbani kumpiga mke na watoto. Hakuwa na nia ya kuacha. Alitaka dawa ya kumwezesha kuendelea kutesa bila dhamiri kumsumbua. Kuna pia mpigania uhuru wa nchi nyingine ya Afrika aliyetega bomu lililoua watu 10. Nchi yake ilishajitawala, lakini kila mwaka tarehe ile ikikaribia usingizi ulimpaa na mawazo ya kujiua yakamwandama. Fanon aliamini vita vile havikwepeki, kisha akakaa chini akaandika gharama yake, mgonjwa baada ya mgonjwa.

"Kila kizazi..."

Ile sentensi inayozunguka mitandaoni tangu maandamano ya vijana ya Juni 2024, kwamba kila kizazi lazima kiutambue wajibu wake, kiutimize au kiusaliti, watu hudhani imetoka kwenye sura ya mabavu. Imetoka mwanzoni mwa sura ya nne, inayohusu utamaduni wa taifa.

"Adui yake alikuwa Mzungu."

Mkewe, Josie, alikuwa Mfaransa mweupe; tuyaache hayo. Uzito uko kwenye sura ya tatu, iliyochapishwa miaka 2 kabla ya Kenya kupandisha bendera yake. Humo anawasema wasomi na wafanyabiashara Waafrika ambao kwao kutaifisha ni kukalia kiti kilekile alichoinuka mkoloni. Hawajengi viwanda, kazi yao ni udalali kati ya nchi na mtaji wa nje. Kiongozi aliyependwa anageuka pazia la kuwafichia mambo, chama kinabaki jina, na mwananchi anaanza kumtazama jirani kwa kabila lake. Isome kwa sauti ndani ya matatu na abiria watakuuliza unamsema waziri gani. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo sura inayotuhusu leo kuliko ile ya kwanza.

"Aliwaamini maskini wa mjini bila masharti."

Nusu kweli. Alitarajia watu wa vitongoji vya mabati, wasio na ajira, wawe ncha ya mkuki mjini, na hapo nadhani alijipa matumaini kupita kiasi. Ila katika kitabu hichohicho anaonya kwamba harakati zikiwapuuza, mkandamizaji atawakodi. Juni 2025 tuliwaona katikati ya Nairobi, vijana juu ya pikipiki, rungu na viboko mkononi, wakiwavamia waandamanaji.

"Hayo ni ya Algeria."

Hata kuzaliwa hakuzaliwa Algeria. Alizaliwa Martinique, kisiwa cha Karibi, mwaka 1925. Desemba 1958 alikuwa Accra, katika ujumbe wa Algeria kwenye mkutano wa watu wa Afrika nzima. Mwenyekiti alikuwa kijana wa miaka 28 kutoka Kenya: Tom Mboya, huyohuyo mwenye mtaa nilikonunulia kitabu.

Na Nairobi imo kitabuni kwa njia chungu zaidi. J. C. Carothers, tabibu Mwingereza, aliiongoza hospitali ya Mathari kwa miaka mingi. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kazi yake kuhusu akili ya Mwafrika, iliyodai kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata, serikali ya kikoloni ikatoa ripoti ya Carothers kuhusu saikolojia ya Mau Mau, iliyougeuza uasi wa watu walionyang'anywa ardhi kuwa suala la hitilafu ya akili. Fanon anamjibu kwa jina katika sura ya mwisho: wanachokiita uvivu na ukatili wa asili ni zao la ukoloni, ubongo hauna kosa.

Jioni ile matatu ilikwama kwenye foleni ya Thika Road, karibu na Mathari. Nikafungua kitabu changu cha ngumi nitafute ukurasa wa Carothers. Aliyekifotokopi alikuwa ameishia sura ya nne.