Mtambo ule wa mawe haukuwa wa Warumi

Kuna picha isiyokoma kuzunguka kwenye magrupu: mtambo mrefu wa mbao, sanduku zito upande mmoja, kombeo upande wa pili. Maelezo yake hudai kuwa Warumi waliutumia kubomoa kuta, na kwamba nguvu yake hutoka kwenye kamba zilizosokotwa. Si kweli.

Warumi walikuwa na mitambo ya kamba zilizosokotwa, nyingi za mishipa ya wanyama. Huu wa pichani ni manjaniki ya uzito (mtambo unaorusha mawe kwa nguvu ya sanduku zito linaloshuka), iliyoenea karne ya 12, ilhali dola ya Roma ya magharibi ilikuwa imeanguka tangu mwaka 476. Mtangulizi wake, aliyevutwa kwa kamba na kundi la watu, alianzia China.

Jaribu nyumbani. Pitisha msumari kwenye kijiti, karibu na ncha moja, kiweze kubembea. Ncha fupi ning'iniza mfuko wa mawe. Ndefu, kikombeo cha uzi chenye kipira cha karatasi (kokoto huvunja vioo). Achia. Sasa ondoa mawe, ujaribu tena: kimya. Hapana mpira wa kuvutika, hapana msokoto.

Kuchanganya si ajabu. Filamu huchanganya mitambo hiyo, nasi yote huiita manati. Ujumbe huo ukikufikia tena, usiusambaze.