Je, wajua kinyesi cha chui humpendelea digidigi?

Ukishika barabara ya Malindi kwenda lango la Sala, unafika Tsavo Mashariki, na humo chui wamo. Kumkuta akila ni bahati ya mtende. Kinyesi chake, lakini, huokoteka njiani, na ndani mna manyoya ya mnyama aliyemla: nyama husagika tumboni, ila unyoya ni keratini, ile ile ya kucha na kwato, na tumbo la paka haliiwezi.

Manyoya huoshwa, hukaushwa, kisha hulazwa juu ya rangi ya kucha isiyo na rangi (jina la ajabu, lakini ndilo). Ukiyabandua hubaki chapa ya vigamba, na kwenye hadubini chapa ya digidigi haifanani na ya swala pala. Ya chui mwenyewe nayo humo, kwa kuwa hujilamba kama paka wa Lamu.

Mimi nilidhani kilichobaki ni kuhesabu tu. Tuseme vinyesi 10: sita vina digidigi, vinne vina swala pala. Basi chui huyu nyama yake kuu ni digidigi! Sivyo.

Muulize muuza viazi karai. Amenye kilo mbili za viazi vidogo vidogo, halafu kilo mbili za viazi vikubwa. Uzito ni ule ule, lakini maganda ya vidogo yatajaza sinia. Digidigi ndiye kiazi kidogo: kilo kama 5 tu, ngozi na manyoya mengi kwa nyama haba. Kilo moja yake huacha masalia mengi kuliko kilo ya swala, na masalia ndiyo yanayofanya vinyesi viwe vingi.

Mwaka 1984 watafiti wa Marekani, wakitumia puma (paka mkubwa wa Amerika) waliofugwa, walitoa kanuni: uzito wa mnyama aliyeliwa mara 0.035, jumlisha 1.98, unapata kilo zilizoliwa kwa kila kinyesi. Digidigi: 2.2. Swala pala wa kilo 50: 3.7. Sita za kwanza ni kilo 13, nne za pili ni 15. Swala kashinda kwa nyama, ingawa kwa vichwa digidigi ndio waliokufa wengi.

Lakini puma si chui. Waliokuja kuwapima duma na simba walikuta mstari wa kanuni hiyo haupandi daima. Mnyama aliyeliwa akiwa mkubwa sana, mstari hulala: kilo kwa kila kinyesi haziongezeki tena. Wala unyoya hausemi kama chui aliua mwenyewe au aliokota mzoga.

Mara moja moja hutoka kwato nzima ya digidigi. Hiyo haihitaji hadubini.