Sukari Imepanda: Je, Tayari Ni Kisukari?

Maswali ya watu wa Lamu wakishapimwa sukari, na majibu yake.

Nilipimwa asubuhi sijala kitu, nikaambiwa 6.4. Nina kisukari?

Bado, lakini usilipuuze. Mtu aliyekaa saa nane bila kula, sukari yake hutakiwa kuwa chini ya milimoli 5.6 kwa lita. Kisukari huanzia 7.0. Wewe uko katikati, na hapa ndipo pa kushtuka, maana bado unaweza kurudi nyuma. Rudia kipimo siku nyingine, au omba HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi miwili mitatu iliyopita. Hicho kikifika 6.5% ni kisukari.

Mbona sisikii chochote?

Wengi hawasikii. Kitambi kikizidi, mwili huwa mgumu kuitikia insulini, homoni inayoshusha sukari, na kongosho inayoitengeneza hulazimika kutoa nyingi zaidi mpaka ichoke. Hayo huchukua miaka, tena bila maumivu. Kiu isiyokatika, kuamka usiku kukojoa, kukonda bila sababu, ukungu machoni na kidonda kisichopona huja sukari ikiwa imeshapanda sana. Kwa hivyo mwenye kitambi, mwenye presha, mwenye mzazi au ndugu wa kisukari, na mama aliyepandwa na sukari akiwa mjamzito, wasingoje dalili ndipo wapimwe.

Halwa sili, chai nanywa bila sukari. Imetoka wapi?

Tazama siku nzima. Asubuhi mahamri matatu, saa nne viazi karai, mchana wali wa nazi umejaa sinia, usiku chapati. Unga mweupe, viazi na wali vyote huishia kuwa sukari mwilini, hata kama ulimi haukuonja utamu. Juu yake glasi ya maji ya maembe: maembe mawili yamemalizwa kwa mkupuo mmoja, na nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio.

Hakuna anayekukataza chakula cha kwenu. Badilisha vipimo. Nusu ya sahani iwe mchicha, bamia au kachumbari, samaki achukue robo, wali robo iliyobaki. Mbaazi ni chakula kizuri na hupandisha sukari polepole. Punguza hamri linaloandamana nazo, na tui lisiwe zito. Embe likate ulile, usilinywe.

Kutembea kunasaidia kweli?

Sana. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2002 uliwafuata watu walio katikati kama wewe. Walioambiwa wapunguze uzito kwa 7% na wafanye mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa 58%, kuliko hata waliopewa vidonge. Kwa mtu wa kilo 80, hizo ni kama kilo 6 tu. Kutoka mjini Lamu hadi kijiji cha Shela kwa miguu ni kama dakika 40. Mara nne kwa wiki zinatosha, mradi urudi kwa boti ukitaka, usiende nayo.

Babu yetu anatumia dawa za kisukari na anataka kufunga Ramadhani. Tumwache?

Mpelekeni kwa daktari mwezi mmoja au miwili kabla. Saa na kiasi cha dawa huenda vikabadilishwa, ila asiziache mwenyewe. Apimwe hata mchana: masheikh wengi wameeleza kwamba kudungwa kidole hakubatilishi saumu. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6, afungue papo hapo, hata kama Magharibi imebaki nusu saa. Akitetemeka, akatoka jasho au akaanza kuchanganyikiwa, vilevile. Jioni aanze na maji na tende moja au mbili, kaimati zisiwe ndiyo futari, na daku aicheleweshe. Lakini kama figo zake zimedhoofika, au sukari imewahi kumshuka akazirai, huenda daktari akamwambia asifunge kabisa, na hapo atoe fidia.