Kugongwa kichwa kwenye raga: yasemwayo jukwaani na yaliyomo kwenye sheria

Nenda Mombasa Sports Club siku ya Driftwood Sevens, mashindano ya raga ya wachezaji saba kila upande. Mchezaji akigongwa kichwa akabaki chini, hukosi kumsikia mtu jukwaani akisema: "Mmwagieni maji, atakuwa sawa." Kauli hiyo huniogopesha, basi hapa nazichukua kauli za jukwaani moja moja na kuzijibu.

"Hupimwa dakika kadhaa, kisha hurudi kucheza."

Tunayoyaona kwenye televisheni ni ya mashindano ya juu yaliyoidhinishwa na World Rugby, shirika linalosimamia raga duniani, yenye madaktari waliofunzwa na video za kurudia tukio. Huko mchezaji anayeshukiwa ubongo wake kutikisika hutolewa, huulizwa maswali ya kumbukumbu, huangaliwa anavyosimama na kutembea, na ana dakika 12 tu. Mechi za shule na za klabu za kawaida hazina ruhusa hiyo. Kwetu, ikishukiwa tu kwamba ubongo umetikisika, mchezaji anatoka na harudi tena siku hiyo, hata akiapa kwamba yuko sawa.

Mwaka 2011 huko Ireland Kaskazini, mvulana wa miaka 14 aligongwa zaidi ya mara moja katika mechi ya shule, akaachwa aendelee, akafariki. Ubongo uliotikisika ukigongwa tena kabla haujapona, unaweza kuvimba ghafla. Kwa hiyo kocha, tafadhali, usimwambie mtoto wa watu "jikaze".

"Hakuzirai, kwa hiyo hana neno."

Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazirai kabisa. Mtazame macho. Tazama kama anayumba, kama anashika kichwa, kama anauliza matokeo aliyokwisha kuambiwa. Hata kwenye raga ya kulipwa, aliyepoteza fahamu, aliyekakamaa au anayepepesuka hapewi nafasi ya kupimwa ili arudi. Mechi yake imekwisha.

Haikuwa hivyo siku zote. Julai 2013 mjini Sydney, George Smith wa Australia aligongana vichwa na Richard Hibbard wa Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland, akatolewa miguu ikimlegea, na baada ya dakika 5 akarudi uwanjani. Wakati huo kipimo kilikuwa cha dakika 5. Muda uliongezwa baadaye, na ilibidi uongezwe.

"Wachezaji wa akiba wakiisha, timu inabaki pungufu."

Sivyo. Aliyekuwa ametolewa na kocha kwa mbinu tu, si kwa kuumia, anaruhusiwa kurudi kumshikia nafasi mwenzake anayepimwa. Dakika zile 12 ni za saa ya kawaida: mpira ukisimama, zenyewe hazisimami. Zikipita kabla mwenye nafasi hajarudi, aliyeingia kwa muda anakuwa wa kudumu. Na huyo wa muda akilambwa kadi ya njano, mwenzake hawezi kurudi mpaka adhabu ya kukaa nje kwa muda iishe, hata kama daktari amemruhusu. Wengi huchanganya haya na jeraha la damu, ambapo mchezaji hupewa dakika 15 kutibiwa.

"Kocha ndiye anayeamua."

Daktari wa timu, daktari wa mechi au refa, yeyote kati yao anaweza kumtoa mchezaji akapimwe. Kocha hana kauli hapo.

"Amevaa kofia." Kofia ile laini huzuia michubuko na kulinda masikio. Ndani ya fuvu, ubongo unatikisika vilevile.

"Amefaulu kipimo, yamekwisha."

Dalili huweza kuchelewa. Kwa sababu hiyo wachezaji wa ngazi ya juu hupimwa tena baada ya mechi, na mara ya tatu kati ya saa 36 na 48 baadaye. Kwa raga ya jamii, yaani ya shule na klabu za kawaida, World Rugby inashauri angalau siku 21 kabla ya kurudi kwenye mechi, tena hatua kwa hatua. Picha ya kichwa hospitalini ikiwa safi haifupishi siku hizo, maana picha hutafuta damu iliyovuja na mfupa uliovunjika, na mtikisiko kwa kawaida hauonekani humo.

Usiku huo asilale peke yake nyumbani, wala asiendeshe gari au pikipiki. Akianza kutapika mara kwa mara, kichwa kikizidi kumuuma, au ikawa vigumu kumwamsha, mkimbizeni hospitali usiku uo huo.