Ajira ya mkazi kwanza: maana yake mtaa unapojengwa upya

Mtaa wa watu wa kipato cha chini ukianza kujengwa upya, ahadi za kazi hufika mapema kuliko saruji. Kisha asubuhi ya kwanza vijana wa hapo hapo wanajipanga langoni, na foromani ameshashusha lori la watu wake aliofanya nao kazi kwenye mradi uliopita. Ajira ya mkazi kwanza ni utaratibu uliobuniwa kwa ajili ya asubuhi hiyo. Nafasi zinazoletwa na mradi hutangazwa kwa wakazi kabla ya watu wengine, na wakazi husaidiwa kufikia sifa zinazotakiwa.

Uzito uko kwenye neno "kwanza". Mkazi hapewi kazi moja kwa moja, anapewa muda wa kuiomba kabla ya wengine.

Los Angeles waliuandika muda huo kwenye mkataba. Mei 2001, wawekezaji waliotaka kujenga hoteli, kumbi za burudani na nyumba kando ya uwanja wa Staples Center walikubaliana na muungano wa makundi ya wakazi wa ukanda wa Figueroa. Mwajiri anayefungua biashara eneo hilo alitakiwa kupeleka taarifa ya nafasi zake kwenye ofisi ya kuunganisha wakazi na ajira, na kwa wiki 3 aajiri walengwa tu, yaani watu ambao mpango ulikusudia kuwasaidia. Biashara ikishaanza, kila nafasi mpya ilikuwa na siku 5 za namna hiyo. Aliyejaza zaidi ya nusu ya nafasi kwa walengwa ndani ya miezi 6 alihesabiwa ametimiza wajibu.

Mlengwa ni nani? Hapa ndipo mikataba mingi huchezewa, maana kodi ya nyumba ikipanda maskini huhama, na akishahama si mkazi tena. Muungano wa Figueroa uliliona hilo: mbele ya foleni waliwekwa hata wale ambao nyumba zao zilibomolewa kupisha uwanja wenyewe.

Ile ofisi ya kuunganisha wakazi na ajira ilitengewa dola 100,000 za kuanzia, na kazi yake ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kupeleka jina kwa mwajiri ni dakika moja tu. Lakini mwenye jina anahitaji nauli kabla ya mshahara wa kwanza, buti zenye chuma kidoleni, cheti cha mafunzo ya usalama, na mtu wa kumwachia mtoto saa kumi na moja alfajiri. Mpango usio na majibu ya mambo hayo utakusanya majina mengi, na mkandarasi atasema, "Niliwaita, hawakuja."

Marekani ina sheria ya nchi nzima pia. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Nyumba na Maendeleo ya Miji ya 1968 kinawataka wanaopokea fedha za wizara ya nyumba na maendeleo ya miji wawape kipaumbele cha ajira watu wa kipato cha chini, hasa wanaoishi kwenye nyumba za umma. Kwa miaka mingi kipimo kilikuwa vichwa: asilimia 30 ya waajiriwa wapya. Mjanja aliweza kumwajiri mkazi wiki ya mwisho, akafagia vumbi, akaandikwa, akaondoka. Kanuni mpya za 2020 zikageukia saa za kazi: asilimia 25 ya saa zote ziwe za wafanyakazi wa kundi hilo, na ndani yake asilimia 5 ya saa zote ziwe za walengwa wa karibu zaidi, kama wakazi wa nyumba za umma. Kwa maoni yangu hilo ndilo rekebisho lenye maana kuliko yote, kwa sababu saa huonyesha nani alibaki kazini.

Hata hivyo saa ya mlinzi na saa ya fundi umeme hazilipwi sawa. Ndiyo maana mkataba wa Los Angeles uliweka na lengo la ujira: asilimia 70 ya ajira za eneo hilo zilipe kiasi ambacho mtu anaweza kuishi nacho.