Chupa ya mafuta ya kasa, South C

Jirani yangu wa South C, Nairobi, mama wa Kibajuni ambaye mjukuu wake anasumbuliwa na pumu, alinigongea mlango jioni moja na chupa ya dawa ya kikohozi iliyojaa mafuta ya manjano. "Mwanangu, wewe si mtu wa wanyama? Nitazamie kama haya ni ya kasa kweli, au wameniuzia sifa." Alikuwa ameletewa na basi la usiku kutoka Mombasa, ndani ya kifurushi cha nguo. Yeye aliogopa kupunjwa, asiuziwe sifa, yaani mafuta ya ini la papa. Mimi nilikuwa nikiwaza sheria.

Kazi yangu ni kutambua vitu vilivyotokana na wanyama: bangili, kitana, fremu za miwani. Kwa gamba, Kiswahili kinanirahisishia. Kiingereza huliita gamba la kobe, ilhali kobe wa nchi kavu hahusiki kabisa. Kwetu kobe ni kobe, kasa ni kasa, na ng'amba, aina ya kasa wa baharini, ndiye mwenye gamba la rangi ya asali lenye mawingu ya kahawia. Mgongoni ana vipande vikubwa 13 vilivyopandana kama vigae vya paa, na hivyo ndivyo vilivyomponza. Ukikiangalia kipande kwa lenzi, utaona rangi imekaa kwa vitone vidogo vidogo. Kwenye plastiki imetiririka tu. Sindano ya moto hutoa harufu ya nywele zinazoungua, ila tafadhali usichome kitana cha bibi yako. Nimeshaletewa kimoja chenye tundu, na ugomvi wa familia juu yake.

Biashara hiyo ni ya kale. Periplus, mwongozo wa mabaharia wa karne ya 1, unataja gamba miongoni mwa bidhaa za Rhapta, bandari ya kale ya Afrika Mashariki, na unaeleza watu wa kisiwa cha Menouthias waliotega kasa kwa vikapu penye mianya ya mawimbi. Ukiwahi kuona malema, mitego ya kusukwa ya wavuvi, unawaelewa. Baadaye wavuvi wa pwani yetu walimfunga chazo, samaki anayejigandisha kwa wanyama wakubwa, kamba mkiani, wakamwachia aende akamgande kasa, kisha wakavuta.

Mnunuzi mkubwa wa zama za karibu alikuwa Japani, ambako mafundi hulichonga gamba na kuliita bekko. Utafiti uliotoka 2019 ulikadiria kwamba kati ya 1844 na 1992 biashara ya gamba ilimaliza ng'amba takriban milioni 9. CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, ulianza kutumika 1975, na kufikia 1977 ng'amba wa bahari zote walikuwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza, yaani hakuna kuuziana kibiashara kati ya nchi na nchi. Japani ilijiunga 1980 lakini ikajiwekea pingamizi, ikaendelea kuagiza hadi mwisho wa 1992. Mwaka 2000 suala likaletwa hapa hapa Nairobi, kwenye mkutano wa CITES uliofanyika Gigiri: Cuba iliomba ruhusa ya kuuza gamba, kura zake zikashindwa kufika theluthi mbili.

Gamba lilidhibitika, kwa kiasi chake, kwa sababu lilipitia mlango mwembamba: mnunuzi mmoja mkubwa, bandari, stakabadhi. Mafuta na nyama havina mlango. CITES inalinda mipaka, na kati ya Mombasa na South C hakuna mpaka.

Ipo sheria ya Kenya ya wanyamapori ya 2013. Ilivyopitishwa, kifungu cha 92 kiliweka faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo cha maisha kwa makosa ya wanyama walio hatarini. Mama aliposikia milioni 20 akacheka. "Kwa chupa hii?" Sikumlaumu. Gamba nalitambua kwa jicho. Mafuta yaliyochemshwa yanahitaji maabara, na moto huharibu DNA ambayo maabara ingeitafuta.

Ndiyo maana mimi huupenda zaidi mpango wa Watamu. Tangu miaka ya tisini, mvuvi aliyenasa kasa kwenye wavu wake, jarife, hupiga simu, akalipwa kifuta jasho, kasa akapimwa na kurudishwa baharini. Wapo wanaosema unamzoesha mvuvi kulipwa. Huenda. Lakini hiyo pesa ndogo anaiona, na hakimu hajawahi kumwona.

Kilichomgusa mama hakikuwa hata hicho. Ilikuwa Pemba. Machi 2024, kisiwani Panza, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 wakalazwa. Sumu iliyomo kwenye nyama ya namna hiyo haiondoki kwa kupikwa, haina dawa ya kuizima, na humfikia hata mtoto anyonyaye kupitia maziwa ya mama. Nilimwambia kwamba aliyechemsha mafuta haya hakumpima mnyama wake, na mjukuu ana pampu yake ya pumu aliyopewa hospitali.

Akanyamaza, akaiacha chupa mezani kwangu. Kwa hiyo mwenye mali ya kasa nyumbani nikawa mimi. Asubuhi nikaipeleka kwenye ofisi inayohusika. Afisa aliifungua, akainusa, akaniuliza, "Una hakika hii si sifa?"